Mzee amebadilika ghafla: jinsi ya kutambua sepsisi kwenye makao ya wazee, na la kufanya

Kila kundi jipya la wahudumu wa makao ya wazee linakuja na maswali yale yale. "Hana homa, sasa nitajuaje kama ni sepsisi?" "Presha yake ni 105, si nzuri hiyo?" "Nimwache alale, daktari anakuja kesho asubuhi?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaweka kwenye maandishi. Usome mwongozo huu kabla ya kuingia zamu. Mzee akishaanza kuhema kwa shida, hutapata nafasi ya kusoma.

Nadharia ni fupi. Sepsisi inatokea pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna iliyovuka mpaka, hadi unaviumiza viungo vyake wenyewe: mapafu, figo, moyo, ubongo. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au kidonda cha kulalia kilichooza chini kwa chini. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017 watu milioni 48.9 walipata sepsisi na milioni 11 walifariki. Wazee ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Kinga yao imepungua, wengi wana kisukari au ugonjwa wa moyo au wa figo, ngozi zao zinachubuka kwa urahisi, na baadhi wanaishi na mpira wa mkojo ambao ni njia ya wadudu kuingia.

Tatizo kubwa kwetu ni kwamba kwa mzee sepsisi haipigi hodi kwa kelele. Kijana atatetemeka, atawaka homa, atalalamika. Mzee anaweza tu kuacha nusu ya uji, akasinzia saa nne asubuhi, akakosea jina la mtoto wake. Basi. Ndiyo maana mwongozo wote huu unategemea jambo moja: ujue alivyo siku njema, ili siku akibadilika uone.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Karatasi ya hali ya kawaida ya kila mkazi (nitaieleza kwenye hatua ya kwanza).
- Kipimajoto, mashine ya presha yenye mkanda unaomtosha mzee mwembamba na mwingine wa mnene, kipima oksijeni cha kidoleni, kipima sukari, na saa yenye mshale wa sekunde.
- Chati ya alama za NEWS2, yaani alama za onyo la mapema: kila kipimo kinapewa alama, kisha zinajumlishwa kuonyesha mgonjwa yuko hatarini kiasi gani. Ilitolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza mwaka 2017 na sasa inatumika sehemu nyingi. Ichapishe, ibandike chumba cha wauguzi.
- Orodha ya dawa za kila mkazi, pamoja na dawa zinazomdhuru.
- Maelekezo ya matibabu aliyokubaliana na familia na daktari: anataka kupelekwa hospitali au la, kipi afanyiwe na kipi asifanyiwe.
- Namba ya daktari, ya dharura na ya ndugu wa karibu, zote mahali pamoja panapoonekana hata usiku.

Kama makao yenu hayana kipima oksijeni, usikate tamaa. Saa, mkono na macho yako vinafanya nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Andika alivyo akiwa mzima

Hii inafanyika leo, kabla mtu yeyote hajaugua. Kwa kila mkazi andika presha yake ya kawaida, mapigo, pumzi kwa dakika, oksijeni na joto. Pima siku kadhaa tofauti, akiwa ametulia. Kisha andika yale ambayo mashine haioni: anatembea mwenyewe au anashikwa? Anakula sahani nzima? Anaijua siku? Anaongea sana au ni mtu wa kimya? Anakojoa mara ngapi usiku?

Bila karatasi hii, mhudumu wa zamu ya usiku aliyeanza kazi juzi ataona mzee aliyezubaa na kudhani ndivyo alivyo siku zote. Wenye ugonjwa wa kusahau wanaumia zaidi hapa, kwa sababu kila mtu anasema "huyu huwa anachanganyikiwa". Kweli, lakini huwa anachanganyikiwa namna gani? Anayezunguka korido akiuliza gari lake liko wapi, leo akilala tu na kutazama ukuta, huyo amebadilika.

Hatua ya 2: Liamini jicho lako

Haya ndiyo mabadiliko ya kukufanya usimame na kumwangalia vizuri:

- kuchanganyikiwa kupya au kulikozidi, kuweweseka, au kusinzia kusiko kwa kawaida
- kuanguka, au miguu kukataa kusimama wakati jana ilisimama
- kuacha kula na kunywa
- kuhema haraka, au kuongea kwa kukatiza maneno
- kutetemeka kwa baridi, hata kama kipimajoto hakisemi kitu
- mkojo kidogo, mzito, au hakuna kabisa
- kutapika, kuharisha, maumivu mapya
- ngozi yenye mabaka, baridi au ya kijivu
- mzee mwenyewe kusema "leo siko sawa" au "nakufa"

Hilo la mwisho lichukue kwa uzito. Na ndugu akija kutembelea akasema "mama leo si yeye", lichukue kwa uzito vilevile. Anamjua kuliko wewe.

Kwa mwenye ngozi nyeusi, weupe na ubluu havionekani kirahisi usoni. Tazama midomo, ulimi, ufizi, viganja na upande wa ndani wa kope la chini.

Hatua ya 3: Pima, na upime sawasawa

Pima vitu sita: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto, na utambuzi wake. Anza na pumzi, maana ndicho kipimo kinachobadilika mapema na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Kwenye chati nyingi utakuta "18" imeandikwa kwa wakazi wote, asubuhi na jioni. Hiyo si kuhesabu, hiyo ni kukisia.

Hesabu hivi. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unapima mapigo, ulaze mkono huo juu ya kifua au tumbo, kisha utazame unavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Usimwambie unahesabu pumzi, kwani mtu akijua anapumua tofauti. Zaidi ya 20 uwe macho. 25 na kuendelea ni hatari.

Joto: kwa mkazi wa makao ya wazee usingoje 38.5. Joto la mdomoni lililozidi 37.8, au lililopanda zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake, hesabu ni homa. Joto lililoshuka hadi chini ya 36 lichunguze kwa makini sawa na homa, kwani sepsisi humpoza mzee pia.

Presha: namba ya juu ikiwa 100 au chini ni onyo kwa kila mtu. Lakini mzee ambaye siku zote ana 160 akifika 115, ameshuka pakubwa hata kama namba inapendeza. Kushuka kwa 40 kutoka kawaida yake ni ishara ya hatari.

Mapigo: zaidi ya 90 yaanze kukusumbua, zaidi ya 130 ni dharura. Hapa kuna mtego. Mzee anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenololo au bisoprololo, anaweza kubaki na mapigo 75 huku hali inazidi kuharibika. Mapigo ya kawaida kwake hayathibitishi kitu.

Oksijeni: pasha vidole joto kwanza, futa rangi ya kucha. Ujue pia kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine huonyesha namba ya juu kuliko uhalisia, kwa hiyo 94 kwa mtu anayehema usiifurahie.

Pima na sukari. Sukari iliyoshuka inachanganya akili na kulegeza mwili kama sepsisi, na dawa yake iko jikoni.

Kisha jumlisha alama kwenye chati ya NEWS2. Chukua mfano wa bibi ambaye tangu asubuhi amezubaa. Pumzi 24 inampa alama 2. Oksijeni 93, alama 2. Presha 104, alama 1. Mapigo 96, alama 1. Kuchanganyikiwa kupya, alama 3. Joto 36.4, alama sifuri. Jumla 9. Ukiitazama kila namba peke yake, hakuna ya kukutisha, na homa hana. Lakini alama 7 tu ni dharura, naye ana 9.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo, kwa dakika chache tu

Anakohoa, au amepaliwa chakula siku hizi? Mfuko wa mkojo una kiasi gani, rangi gani, mpira umekunjika? Tumbo ni gumu au linauma ukigusa? Mgeuze, tazama matako, kisigino na nyonga. Vua soksi. Kidonda cha kisigino kimejificha ndani ya soksi mara nyingi kuliko unavyodhani. Tazama pia mdomo, na sehemu yoyote yenye sindano au mpira.

Chanzo kisipoonekana, endelea hatua inayofuata. Kazi yako ni kuona hatari na kuita msaada. Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari.

Na tafadhali, usimalizie kila kitu kwenye mkojo. Wakazi wengi wa makao ya wazee wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa, na mwenye mpira wa muda mrefu karibu hakosi. Kijiti cha kupimia mkojo kikibadilika rangi hakijathibitisha kitu. Mtu anatibiwa "mkojo" siku tatu kumbe nimonia inamla.

Hatua ya 5: Amua

Piga namba ya dharura mara moja ukiona hata moja kati ya haya: haamki au anaamka kwa shida sana, pumzi 25 au zaidi, presha ya juu 90 au chini, au imeshuka 40 kutoka kawaida yake, mapigo zaidi ya 130, oksijeni chini ya 92 kwa mtu ambaye kawaida yake si hiyo, ngozi ya mabaka au midomo ya bluu, vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza, hajakojoa saa 18, au NEWS2 ya 7 na kuendelea.

NEWS2 ya 5 au 6, au alama 3 kwenye kipimo kimoja tu, huku ukishuku maambukizi: mpigie daktari sasa hivi, si baada ya chai, na upime tena kila saa. Chini ya hapo lakini umeona badiliko: mwambie muuguzi mkuu wa zamu, rudia vipimo ndani ya saa moja, andika.

Kabla hujaita gari, fungua maelekezo yake ya matibabu. Hapa wengi wanakosea kwa nia njema. "Asifufuliwe moyo ukisimama" haina maana kwamba asitibiwe maambukizi. Na mkazi aliyechagua kutopelekwa hospitali bado anastahili daktari aitwe, apewe antibiotiki kama ndiyo makubaliano, apunguziwe maumivu na kuhema, na ndugu waitwe wakae naye. Kama maelekezo hayapo, au hayaeleweki, mtibu kama mtu anayetaka kuishi.

Hatua ya 6: Piga simu kwa mpangilio

Ukisema "mzee hajisikii vizuri", utaambiwa usubiri. Sema hivi:

"Mimi ni muuguzi wa zamu, makao ya wazee. Nina bibi wa miaka 84, nashuku sepsisi. Kawaida anatembea na fimbo na anaongea vizuri, tangu asubuhi amechanganyikiwa na hasimami. Ana kisukari na mpira wa mkojo, hana dawa inayomdhuru. Pumzi 24, oksijeni 93, presha 104, kawaida yake 150. Mapigo 96, joto 36.4, sukari 9. NEWS2 ni 9. Naomba gari la wagonjwa sasa."

Hali ilivyo, historia, namba, unachotaka. Tamka neno "sepsisi" wewe mwenyewe, usimwachie mwenzako akisie. Haraka hii ina sababu: miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inataka antibiotiki zitolewe ndani ya saa moja kwa mgonjwa ambaye presha imeporomoka au ambaye sepsisi yake haina shaka. Saa hiyo isiishie kwenye korido yenu.

Hatua ya 7: Ukingoja msaada

1. Usimwache peke yake.
2. Anayehema kwa shida mkalishe, mwegemeze mito. Presha ikiwa chini na hahemi kwa shida, mlaze chali na uinue miguu. Asiyeamka mlaze ubavu.
3. Mpe oksijeni kama ipo, umefunzwa, na utaratibu wenu unaruhusu. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu mara nyingi analengwa 88 hadi 92 tu, kwa hiyo soma faili lake.
4. Aliyesinzia asipewe maji, uji wala vidonge. Atapaliwa. Aliye macho na anayemeza vizuri anaweza kunywa kidogo kidogo.
5. Muulize daktari kabla ya kutoa dozi inayofuata ya dawa za presha, za kukojoza, na metformini (dawa ya kisukari).
6. Rudia vipimo kila dakika 15, andika na saa.
7. Mpigie ndugu. Mwambie ukweli kwa lugha nyepesi.

Hatua ya 8: Kabidhi

Mpe mhudumu wa gari karatasi, si maneno tu: vipimo vyote na saa zake, saa badiliko lilipoonekana, orodha ya dawa na dozi ya mwisho, hali yake ya kawaida, na maelekezo ya matibabu. Miwani, vifaa vya kusikia na meno ya bandia viende naye. Mzee asiyesikia wala kuona ataandikwa "amechanganyikiwa" hospitali hata akiwa na akili timamu.

Makosa yanayojirudia

Kumpa parasetamoli kwanza halafu kupima. Homa inashuka, daktari anasikia 37, anakwambia usubiri. Pima na uandike, ndipo umpe.

Kusema "ni uzee". Uzee hauji kwa usiku mmoja.

Kuacha badiliko lisubiri makabidhiano ya zamu. Lililoonekana saa kumi jioni likisemwa saa mbili usiku, saa nne zimepotea.

Kuanza antibiotiki zilizobaki kwenye kabati la mkazi mwingine. Usifanye hivi kamwe.

Ukikwama

*Mashine ya presha inakataa kusoma.* Badilisha mkanda, jaribu mkono wa pili. Ikikataa tena, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yakiwa hafifu au hayapatikani, presha yenyewe huenda imeshuka mno kusomeka. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 5 na uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Ita msaada, mashine itatengenezwa baadaye.

*Mkazi anakataa kuguswa.* Hesabu pumzi ukiwa mlangoni. Tazama rangi, sikiliza anavyoongea. Mlete mhudumu anayempenda, jaribu tena baada ya dakika 10. Kukataa kupya kwa mtu mpole nako ni badiliko, kuandike.

*Anaongea kwa kulegea ulimi, uso umevutwa upande.* Inaweza kuwa kiharusi. Usipoteze muda kuamua ni kipi kati ya viwili, namba ya dharura ni ile ile.

*Daktari hapokei.* Kama amefikia vigezo vya dharura, usimngoje kabisa. Kama ni alama 5 au 6, mpigie wa pili kwenye orodha, akikosekana naye, piga dharura.

*Daktari amesema tusubiri mpaka kesho.* Muulize mambo mawili: nipime kila baada ya muda gani, na ni namba ipi ikifika nikupigie tena? Andika jibu, jina lake na saa. Mzee akizidi kuharibika hufungwi na jibu la mwanzo. Piga tena, na ukiona ishara za hatua ya 5, ita gari.

*Vipimo ni vizuri lakini moyo wako haujatulia.* Rudia baada ya nusu saa. Chati haikukatazi kuita msaada kwa alama ndogo.

*Yuko kwenye antibiotiki siku ya pili na anazidi kuzubaa.* Kumeza dawa hakuzuii sepsisi. Anza upya hatua ya 3 na useme kwenye simu kwamba dawa imeshaanza na ni ipi.

*Amerudi kutoka hospitali.* Wengi wanarudi dhaifu, wamechoka, wanasahau zaidi, na katika miezi ya mwanzo hatari ya kupata maambukizi tena ni kubwa. Mpime mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, kagua ngozi yote siku anayofika, na uulize kama mpira wa mkojo aliowekewa huko bado unahitajika. Kisha chukua karatasi mpya na uandike hali yake ya kawaida ya sasa, kwa sababu ile ya zamani haimhusu tena.